Simu Haina Baraza

Simu nilimpa askari mimi mwenyewe. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila nikiisimulia habari hii watu hudhani nilinyang'anywa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natoka mjini nakwenda shamba kwa mama. Kiti cha nyuma nimepakia sinia ya vileja na ndoo ya mchele. Mkoba wangu, wenye pochi, yenye leseni, nimeuacha juu ya kitanda. Kwenye kizuizi cha njiani askari akanyoosha mkono, nikaweka gari pembeni. Kijana, nadhifu, salamu kamili. "Asalamu alaykum mama. Leseni tafadhali." Nikapapasa kiti cha pembeni, nikapapasa chini ya miguu, moyo umeanza kunidunda. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi uliopita, nilipokuwa nashughulikia bima, niliipiga picha leseni mbele na nyuma nikaituma kwa WhatsApp. Nikaitafuta, nikaifungua, nikaitoa simu dirishani. Ikatoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwake.

Aliisoma. Akaikuza kwa vidole viwili aone tarehe ya kumalizika. Halafu kidole kikasukuma picha pembeni, nahisi alitaka kuona nyuma ya leseni. Nyuma ya leseni ilikuwa upande mmoja, yeye akaenda upande wa pili. Huko kulikuwa na singo ya binti ami yangu.

Kwa Mzanzibari sina haja ya kueleza zaidi. Kwa wengine: bibi harusi kakaa mkekani, kasuguliwa liwa na mawaridi, kanga moja kifuani, nywele chini, hina imepanda mpaka magotini, na chumba kizima ni wanawake watupu. Mlangoni hukaa mtu mzima wa kuzuia hata watoto wa kiume waliokwishaanza kupata akili. Siku ile somo, yaani kungwi wa bibi harusi, alitwambia wazi tutie simu mikobani. Mie nilipiga picha tatu kwa kuiba, kwa sababu binti ami alikuwa mzuri mno na nilitaka kumpa zawadi baadaye.

Kwa hiyo mlangoni aliwekwa mlinzi, na picha zikatoka kwa dirisha la gari.

Alizisukuma mbili. "Harusi ya nani hii?" akaniuliza kwa tabasamu, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi. Sikumjibu. Nadhani aliuona uso wangu, maana tabasamu liliondoka na simu ikarudi upesi. "Haya mama, siku nyingine usisahau leseni." Sikuandikiwa chochote. Nikaondoka, nikaenda kama kilomita moja, nikasimama chini ya mwembe mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Nimeshawasikia wanaosema askari yule alikuwa mbaya, na wanaosema mimi mjinga. La pili nalikubali kidogo. La kwanza silikubali, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kijana yule hakuja kunipekua. Alitaka kujua kama nina leseni, nami nikampa kitu ambacho ndani yake kuna leseni, mishahara yangu, kipimo changu cha hospitali, magomvi yangu na dada yangu, na binti ami na kanga yake. Kisha nikategemea kidole chake kiwe na adabu.

Nilipokuwa chini ya mwembe ule nilikuwa nafikiri nyumba ya bibi yangu, ile ya zamani. Nje kuna baraza la mawe, kila mpita njia ana ruhusa ya kukaa. Halafu daka, ile nafasi ya mlangoni kabla ya kuingia ukumbini. Halafu ukumbi, wa mgeni anayejulikana. Halafu ndani, ambako hata baba mdogo akipita hukohoa kwanza. Mleta barua, muuza samaki, sheha wa mtaa na daftari lake, wote wana mahali pao, nako ni nje. Karatasi ikihitajika, mtu wa ndani huingia akaitafuta akaileta barazani. Sijapata kusikia mgeni akiambiwa: ingia chumbani, iko chini ya mto, jichukulie. Hodi yenyewe ina idadi. Ni mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Hayo tumefundishwa chuo cha Kurani kabla hatujajua kusoma vizuri, na Surat an-Nur inasema waziwazi: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka mpate idhini, na mkiambiwa rudini, rudini.

Simu ina mlango mmoja tu. Ukishafunguka uko chumbani.

Jumatatu nikaenda Darajani kwa mtoto wa mjomba, ambaye ni fundi simu. Nilimsimulia nusu nusu, bila ya kutaja picha zilikuwa za nini. Hakushangaa hata kidogo. Mezani kwake alikuwa na simu kama kumi na tano, na nyingi zilikuwa zimebandikwa karatasi nyuma, namba ya siri imeandikwa kwa kalamu. "Wewe ulimpa askari kwa dakika moja," akaniambia. "Hawa wameniachia tangu Alkhamisi. Hakuna aliyeniuliza kama nitaangalia."

Akanionesha kitu ambacho kwenye simu za Android kimekuwepo tangu 2014 na mie sikupata kukigusa: kubandika programu. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, unakiwasha, na unachagua kwamba kubandua kudai namba ya siri. Baada ya hapo ukifungua kitu kimoja ukakibandika, mwenye kuishika simu hawezi kutoka humo kwenda kwingine. Kwenye iPhone kuna kitu cha namna hiyo, unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Lakini akanionya, na hili ndilo wengi hawalijui: ukibandika programu ya picha, umeibandika yote. Kidole kitasukuma tu, singo itatokea tu. Kinachofaa ni kuihifadhi picha ya leseni peke yake kama waraka, mbali na picha nyengine, ukafungua waraka huo, ndio ukaubandika.

Kisha akanifundisha la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Simu yangu naifungua kwa kidole. Kidole ni rahisi, lakini ni kiungo cha mwili, na kiungo cha mwili mtu aweza kukivuta, hata ukiwa umelala. Namba iko kichwani. Kwenye iPhone ukibana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti kwa sekunde chache mpaka itokee skrini ya kuzima, uso na kidole vinaacha kufanya kazi mpaka uandike namba. Simu nyingi za Android nazo zina chaguo la kufunga kabisa kwenye menyu ya kuzimia. Ile ya iPhone hufanywa hata simu ikiwa mfukoni. Na ujumbe usionekane maandishi yake kwenye skrini iliyofungwa, maana huko nako kuna watu wanasoma bila ya kugusa chochote. Kwenye daladala ya Bububu nimeshajua habari za ndoa ya watu wawili nisiowafahamu.

Nilimuuliza: kwani kosa si kuwa na picha ya leseni badala ya leseni? Akacheka. "Picha ya kitambulisho si kitambulisho, dada. Ni picha." Na hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani vitambulisho vya kidijitali ninavyosikia vya nchi za nje ndiyo hiyo hiyo picha, imepambwa.

Sivyo, na tofauti yake ndiyo iliyonifurahisha. Marekani jimbo la Arizona lilianza mwaka 2022 kukubali leseni iwekwe ndani ya pochi ya kidijitali ya iPhone kwa kanuni za kimataifa zilizotoka mwaka mmoja kabla. Ukiombwa leseni, hukabidhi simu. Anayeuliza ana kifaa chake, wewe unakisogelea na simu yako, na skrini yako inakwambia: huyu anataka kujua jina, picha, na kama leseni iko hai. Ukikubali unaweka kidole au uso, na taarifa hizo tu, zikiwa na saini ya kidijitali ya mamlaka iliyotoa leseni, zinaruka hewani kwenda kwenye kifaa chake. Simu imefungwa na iko mkononi mwako. Kama anayeuliza anataka kujua umepita umri fulani tu, kifaa kinaweza kuuliza hilo tu, kikajibiwa ndiyo au hapana, bila ya kujua umezaliwa lini wala unakaa wapi. Anauliza barazani na anajibiwa barazani. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: wahandisi wa mbali wamezunguka dunia nzima wakaja kujenga daka.

Isipokuwa kwamba askari wengi wa huko wenyewe hawana kifaa cha kusomea, na wenye leseni za simu bado wanaambiwa watembee na kadi. Kwa hiyo barabarani usiku mambo hurudi pale pale: nipe simu niione.

Huko Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu kabisa, na lilianzia barabarani kama langu. Mwaka 2009 mjini San Diego, David Riley alisimamishwa kwa sababu usajili wa gari lake ulikuwa umepitwa na muda. Mwisho wake akakamatwa, simu yake ikapekuliwa, na yaliyokutwa humo yakatumika kumshitaki kwa mambo makubwa zaidi ya usajili wa gari. Tarehe 25 Juni 2014 majaji wote tisa walisema kwamba hata mtu aliyekwishakamatwa, polisi hawaruhusiwi kupekua yaliyomo ndani ya simu yake bila ya hati ya mahakama, ila kwa dharura. Kuhusu kumlazimisha mtu aweke kidole au ataje namba yake, mahakama za huko bado hazijakubaliana.

Kwetu? Nilimwendea ami yangu. Amestaafu upolisi zamani, sasa kazi yake ni kahawa na bao. Nilimkuta barazani kwake Kikwajuni, nikamsubiri amalize mchezo, nikamuamkia, "Shikamoo ami," nikakaa. Yeye nilimsimulia yote, kwa sababu picha zilikuwa za bintiye wa kumlea, na kunyamaza kungekuwa kosa la pili.

Alinyamaza muda mrefu. Muuza kahawa akapita, akanunua vikombe viwili na kashata.

"Askari anayeomba leseni, anaomba leseni," akasema. "Akitaka simu, hiyo ni habari nyengine, na ina karatasi yake."

"Karatasi gani, ami?"

"Kuna mtu wa kuiamuru. Askari wa njiani hajiamuru mwenyewe."

Nilipofika nyumbani niliitafuta sheria, na ami hakuwa mbali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inafanya kazi Bara na Zanzibar, kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au mwenye cheo kama chake, uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa, akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kifaa hicho ni ushahidi wa kosa au kimepatikana kwa kosa. Nitasema nilivyoona: amri hiyo haimsubiri hakimu, na mie ningependa imsubiri. Lakini hata hivyo si amri ya kila mwenye filimbi, na kusahau leseni juu ya kitanda si sababu ya msingi ya kuamini chochote kuhusu simu yangu. Sheria hiyohiyo inafanya kuwa kosa kufuta au kuficha data kwa nia ya kukwamisha uchunguzi. Ukishaambiwa simu inatakiwa kwa amri, usianze kufuta mambo mbele ya askari. Kaa kimya, uliza nani ameamuru na kwa kosa gani, na hakikisha imeandikwa simu imechukuliwa lini na nani.

Juu ya hiyo kuna Katiba. Ile ya Muungano, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake "na mawasiliano yake ya binafsi". Ya Zanzibar ya 1984 nayo ina ibara yake ya 15 juu ya hayo hayo. Neno lililonishika ni hilo la unyumba. Aliyeandika alikuwa na nyumba ya Kiswahili kichwani, naapa. Na ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, na polisi ni jambo la Muungano. Ina milango yake ya kupitia vyombo vya usalama, sitajidai kwamba ingemzuia kijana yule.

Ami aliniuliza swali moja ambalo sijalimaliza. "Mwanangu, mbona wakala wa laini mlimpa vidole na hamkulalamika?"

Alikusudia ule msukumo wa kusajili laini kwa alama za vidole, uliofika mwisho tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tulipanga foleni barabarani mbele ya miavuli. Kijana ana kifaa kidogo, unaweka kidole, anakwambia hakikusoma, weka tena. Unaweka tena. Mara ya tatu. Wapo waliokuja kugundua baadaye kwamba kile kidole cha pili kilisajili laini ya mtu mwengine kabisa. Siku hizi ukipiga *106# unaweza kuangalia laini zilizo kwa jina lako. Nilipiga pale pale barazani. Zangu zilikuwa zangu. Ami alikutana na laini moja asiyoijua, tukaanza safari nyengine ambayo si ya leo.

Na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tunaitaja kwa sauti kila dirisha, tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Shoga yangu mmoja anayeficha umri kwa kila mbinu huisoma namba yake mbele ya watu bila ya wasiwasi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi nacho tunakipata kwa barua ya sheha, kwa mtu anayetujua mpaka jina la paka wetu, halafu tunakipiga picha mbele na nyuma na kukirusha WhatsApp kwa yeyote anayesema anakihitaji: mwenye nyumba, mwenye gari la kukodi, kijana wa tiketi za boti. Kadi inakaa pochini imevalishwa plastiki isichakae. Picha zake ziko kwenye simu za watu thelathini.

Nilizifuta za kwangu nilizoweza. Za singo nilizifuta kwanza.

Halafu nikaenda kwa binti ami. Nilichelewa wiki tatu, na kila siku nilijiambia hana haja ya kujua. Alikuwa jikoni, anakuna nazi. Nilimwambia yote, hata ya somo na mikoba. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaisha nyama. "Wewe ndiye uliyepiga," akasema. Kisha, baada ya muda: "Nilikuwa nimependeza lakini?" Nikamwambia sana. Akasema zile tatu angetaka kuziona, nikamwambia nimezifuta, na hilo ndilo lililomliza.

Mwezi wa pili yake nikasahau tena pochi. Naandika hili nikijua mtakavyonicheka. Njia nyengine, askari mwengine, mtu mzima, kofia imekaa vizuri. Nilipokuwa nasimamisha gari nikaufungua waraka, nikaubandika, nikaiweka simu dirishani, ila nimeishika.

"Nipe niione."

"Isome hapa hapa, afande. Nitakusogezea."

Akanitazama. Nyuma yangu daladala ikapiga honi, abiria wakanyoosha shingo. Sikuwa jasiri kama ninavyosikika hapa, sauti ilikuwa inanitoka puani. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama mpaka kofia ikagusa mlango wa gari, akasoma mstari kwa mstari, midomo inacheza. Nikamsogezea upande wa pili. Akasoma nao.

"Hii ni picha," akasema. "Leseni iko wapi?"

"Nyumbani, afande."

Akavua miwani, akatoa kalamu, akaniandikia kosa. Jina langu kaliandika kwa kuruka herufi moja. Nilimwambia, akalisahihisha, nikenda kulipa siku ya pili.